Pale Santuri Iliporuka

Mzee Lubango alikuwa amekwisha kuaga mara mbili, kofia mkononi, bendi ya harusi ilipopiga wimbo wa ujana wake. Katika mji mdogo alikozaliwa, santuri ya wimbo huo ilikuwa na mkwaruzo. Ikifika mahali fulani iliruka, na wachezaji wote waliruka nayo.

“Cheza basi, mzee mgeni, usituage kila saa,” jirani alimtania. Miaka mitatu hapa, bado aliitwa mgeni.

Akaingia kucheza. Pale pa mkwaruzo bendi ilipita moja kwa moja, yeye akaruka.

“Mzee kajikwaa,” wakacheka.

Akageukia mlango. Upande wa pili wa wachezaji akamwona bibi mmoja wa kanga ya zambarau. Naye ameruka, yuko hatua moja mbele ya mwenzake, anatafuta kwa macho kama mtu aliyeitwa.