Mringa wa Chemchemi

Mgeni njoo, mti ufe. Ndivyo ilivyokuwa kwao Rwamba, huko Karurumo. Wakwe walikuwa waje Jumamosi kumposa binti huyo, na baba yake alikubali kutoa mringa, ule mti mkubwa wa chemchemini, abadilishiwe kwa sofa mpya.

Mpasua mbao aliyekuja kuukata alimaliza chai, akavuta kamba ya msumeno wa petroli. Kimya. Akavuta tena, kimya.

Rwamba akafumbua kiganja. Plagi ya kuwashia msumeno ilikuwa mle, nyeusi kwa masizi, imemwachia mafuta hadi kwenye kucha.

“Wewe!” baba akafoka. “Wakwe watakalia mawe?”

“Watakalia viti ulivyochonga mwenyewe, baba, vilivyotulea sote. Na maji ya chai yao yatatoka chini ya mringa huu. Au sofa nayo hutoa maji?”

Mpasua mbao akaangua kicheko. “Mzee, huyu mwongezee mahari!” Akapokea plagi yake, akaufunga msumeno kwenye pikipiki.

Jikoni mama akapiga kigelegele.

Baba akatazama chini. “Angalau uniombe msamaha, nimeaibika mbele ya mgeni.”

“Siombi, baba.”