Mikanda ya Ndani

Kisu cha moto kilipita taratibu kwenye gundi kuukuu, na mgongo wa gitaa ukaanza kuachia.

Fundi akatua kidogo, akaunyoosha mkono wake wa kushoto. Ndio aliofanyia kazi maisha yake yote, na sasa ulikuwa umechoka kuliko yeye.

"Marehemu aliniusia gitaa lake hili nimpe fundi yeyote, isipokuwa wewe," alisema mjane wa mwalimu wake kutoka kitini. "Lakini wenzako wote wameshatangulia, mwanangu. Ningempa nani?"

"Mzee alijua nitachungulia mbao yake, Mama."

Miaka thelathini alikuwa akiitafuta mbao hiyo. Si ya uso wala ya ubavu. Hizo kila mtu huziona. Aliitaka ya mikanda ya ndani, ile myembamba inayokatwa mikato mingi ili ipinde, kisha kugandishwa pale ubavu unapokutana na mgongo. Alijaribu mninga, mvule, mkangazi, msonobari. Aligonga vipande akasikiliza mpaka akaota mvi. Magitaa yake yalitoka mazuri, ila hata moja halikuimba kama la mzee. Alikuwa amejiapia: asipoijua leo, anafunga karakana.

Alipokuwa mwanafunzi, alikata mikanda hiyo miaka minne mfululizo, kwa mbao za makasha ya machungwa. Hakuruhusiwa kugusa nyingine. Mzee alikuwa akiitazama, anaguna, anasema mikato imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Hayo ndiyo mambo ya mkono wa kushoto, alisema. Kila jioni aliifunga kwa kamba akaenda nayo nyumbani, akisema ni ya kuwashia jiko. Ya magitaa mzee aliikata mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

"Angalau nilikupunguzia taabu ya moto," fundi alitania, akisukuma kisu kwenye kona ya mwisho.

"Moto gani?" mjane aliuliza. "Mimi tangu naolewa napikia mafuta ya taa."

Mgongo ulikuwa umetoka mzima mikononi mwake. Akausogeza pembeni, akavuta taa, akainama.

Mbao ilikuwa nyeupe, nyepesi, na mahali pamoja ilikuwa bado na nusu ya picha ya chungwa. Mikato yake, kuanzia shingoni hadi chini, yote ilikuwa imelala upande.