Saa ya Mke wa Fundi

Kijiko cha mofini, dawa ya maumivu, kilikuwa kimeshakaribia midomo ya fundi wa saa, mkewe alipoziona mboni zake: zimenywea, ndogo kama tundu la sindano.

“Maumivu yapo, mama watoto,” alisema taratibu, kana kwamba anaelea. “Ila yamehamia chumba cha pili. Niongeze, yasirudi.”

Muuguzi alikuwa ameonya kwamba pumzi zikiwa chini ya kumi kwa dakika, asiongezwe. Mke akaitazama saa yake ya mkononi, akahesabu kifua kikipanda na kushuka kwa uvivu wa pazia.

“Ngapi?”

“Saba.”

“Basi saa yako inakimbia,” alinong’ona fundi, akifumba macho.

“Umeitengeneza wewe mwenyewe,” alijibu mkewe. Akakimwaga kijiko sakafuni, akamshika mabega, akaanza kumtikisa.