Uzi wa Clarrie

Noeline aliporudi kutoka kwa msusi alikuta nyasi za nyuma ya nyumba zimekatwa tena, na uzi wa Clarrie, ule mstari mwembamba, umo ndani yake.

Alisimama na mkoba mkononi akiuangalia. Haukuwa mpana kuliko kidole. Ulitoka kibarazani ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa mbao, umepauka katikati ya kijani, kisha ukageuka ukarudi. Na Clarrie, mume wake, alikuwa kaburini tangu majira ya baridi.

Aliufahamu uzi ule kuliko mtu yeyote katika mji wa Toowoomba, maana yeye ndiye aliyeusababisha. Wenzake Clarrie wa chama cha wapenda nyasi za bustani walipenda rola ya mbele ya mashine ya kukatia iwe na mifuo tele, ili nyasi zisimame kisu kizipate. Clarrie hakuitaka hiyo. Alitaka rola laini, ndefu kidogo kuliko ya kiwandani, izilaze nyasi zing'ae kama zulia. Akaingia kwenye banda la jirani yao Merv, akaikereza mwenyewe. Kazi ilikuwa karibu kwisha Noeline alipotoa kichwa dirishani: "Clarrie! Chai tayari!" Mkono ukateleza. Ukabaki mfuo mmoja, vidole viwili kutoka ncha ya kushoto. Tangu siku hiyo, kila alipopita na mashine, nyasi za kwenye mfuo zilisimama zikakatwa fupi kuliko nyingine.

"Si utengeneze nyingine," Noeline alimwambia.

"Thubutu! Huu ni mwito wako, bibie. Nitatembea nao mpaka nife."

Alipokufa, wanachama walimfanyia kama wanavyofanyiana wao. Waliifungua rola kwenye mashine, wakaifuta mafuta, wakailaza ndani ya jeneza ubavuni mwake. Waliobeba jeneza walinung'unikia uzito njia nzima, na Noeline akacheka msibani hadi akaona haya.

Sasa uzi huu ulikuwa unachorwa na nani?

Robyn, binti yao, alikuwa akipiga simu kutoka Brisbane kila Jumapili. "Mama, uza nyumba uje huku kwetu. Unakaa na nani huko?" Hatimaye Noeline alikubali, na dalali alikuwa anakuja mchana huo kupigilia kibao cha kuuza. Lakini alikuwa na hofu moja: isije ikawa anaondoka na kumwacha Clarrie peke yake, akikatia nyasi watu asiowajua.

Akachukua sahani ya keki za nazi, akaenda kugonga kwa Merv. Kama ni Merv, atauza. Alijiapiza hivyo mlangoni.

"Merv!" Ilibidi apige kelele, maana masikio ya Merv yalikuwa yamekufa zamani. "Ni wewe unayekata nyasi zangu?"

Merv akaiva uso. "Umeninasa. Clarrie aliniomba pale hospitali. Akasema, Merv, usimwachie mke wangu pori. Nikaona niwe nakata ukiwa kwa msusi, usije ukaniletea keki na kunililia."

"Keki hizi hapa."

"Na machozi?"

"Subiri kidogo." Yakamtoka kabla hajamaliza kusema. Kumbe alikuwa Merv tu, miezi yote hii. Alishukuru, na papo hapo akajiona amekuwa mjane mara ya pili. Basi, angeuza.

"Ila uzi umeupatia, Merv," alisema akijifuta. "Mahali pake kabisa."

"Uzi gani?"

"Mstari! Wa rola!"

"Mama wee, kwa macho haya? Mimi nikiuona ua kabla sijaugonga nashukuru." Akamvuta mkono hadi bandani, kwenye mashine yake. "Rola yangu nimeinunua juzijuzi, laini kama yai. Ishike mwenyewe."

Noeline alipiga magoti. Akaipitishia kiganja kutoka ncha hadi ncha, akaizungusha, akapitisha tena. Hakukuwa na mfuo, wala mkwaruzo.

"Twende ukate pale kwangu," alisema.

"Si nimeshakata asubuhi?"

"Kuna sehemu umeacha, kando ya ua."

"Mafuta yaliniishia, usinisimange."

"Basi tia mafuta, Merv. Tafadhali."

Merv akatia mafuta huku akiguna kwamba wanawake wa mtaa huu hawaridhiki. Akaisukuma mashine hadi kwa Noeline, akaiwasha, akaanza kukata ule ukanda uliobaki, mgongo kauinamisha, macho kwenye mbao za ua asije akazigonga. Noeline alisimama nyuma yake. Rola laini ilitangulia, kisu kikafuata, na nyuma ya mashine, vidole viwili kutoka upande wa kushoto, uzi ukawa unatoka, umenyooka, ukimfuata Merv hatua kwa hatua.

Hakuogopa. Alipanda ngazi za jikoni, akabandika birika, akasubiri hadi likalia. Kisha akatoa kichwa dirishani kama zamani.

"Clarrie! Chai tayari!"

Uzi ukakatika hapo hapo. Merv, ambaye hakusikia kitu, aliendelea kusukuma mashine hadi mwisho wa ua.