Njoo na Wakubwa Wako

Chupa mbili za pombe kali ziligongana mapajani mwa Cletus Bayor kila gari lilipoingia kwenye shimo, na kila zilipogongana, Profesa Agbenyega, Makamu Mkuu wa Chuo, aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"Zikivunjika hizo, Cletus, utabaki kaimu mpaka unastaafu."

Utani, ndiyo, lakini ulikuwa na meno. Cletus alikuwa amekaa sana kama Kaimu Mkurugenzi wa Ofisi ya Wafadhili, hata mlinzi wa getini alidhani Kaimu ndilo jina lake. Profesa alishamwambia wazi: Madamu Afriyie akikubali kujenga maabara ya magonjwa ya kuku, neno kaimu linafutwa mlangoni. Akikataa, nafasi inatangazwa gazetini.

Wala si cheo tu. Mama yake Cletus, kule kaskazini, alipoteza kuku wake wote ndani ya wiki moja, na hakuna aliyeweza kumwambia waliuawa na nini. Maabara ile aliitaka kwa roho yake yote.

Madamu Afriyie alikuwa mjane mwenye mashamba ya kuku kuanzia Kumasi mpaka Techiman. Kila aliyewahi kwenda kumwomba mchango alirudi na trei moja ya mayai na maneno matamu.

Cletus akaja kivingine. Yeye kazi hii aliisomea, jamani, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba tajiri haombwi siku ya kwanza. Wala ya pili. Unamtembelea, unamsikiliza, unakumbuka siku yake ya kuzaliwa, unamuuliza goti linaendeleaje. Unamwacha aive mwenyewe.

Basi mwaka mzima, kila Jumamosi, alikuwa kwa Madamu akila fufu na supu ya karanga. Kila akifika alipewa maji, akanywa, kisha akaulizwa kilichomleta, kama anavyoulizwa kila mgeni. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Hakuna baya. Nimepita kukuona tu."

"Kuniona tu?" Madamu alicheka. "Na Jumamosi iliyopita?"

"Kukuona tu, Mama."

"Hebu acha kuniita mama! Kwani mimi nilikuzaa? Niite Afriyie."

Mfadhili akitaka umwite kwa jina, unamwita. Cletus akamwita Afriyie, akarudi ofisini kuandika ripoti: uhusiano unakua vizuri.

Siku nyingine Madamu alitaka kujua nani anampikia huko kwake.

"Hakuna. Mimi nimeoa kazi."

Alimtazama kwa huruma, akamwongezea nyama. Cletus akaandika: mfadhili anajali ustawi wa wafanyakazi wa chuo.

Mwezi uliopita, akimsindikiza mpaka getini, Madamu alisimama ghafla.

"Cletus, sema kweli. Wewe una jambo."

Cletus alidakia. "Ninalo."

"Najua unalo. Mtu mzima haji hapa mwaka mzima kuhesabu meno yangu. Lakini jambo zito hivyo halisemwi getini, wala halisemwi na mwenyewe. Njoo na wakubwa wako. Na kaka zangu hawazungumzi na mtu aliyekuja mikono mitupu, kwa hiyo lete chupa mbili."

Cletus alirudi ofisini akiimba. Wakubwa! Ndivyo kazi inavyotaka hasa, ombi kubwa litolewe na mkubwa. Na chupa hazikumshangaza. Kwao kaskazini mzee angepelekewa kola za kutafuna na ndege kanga. Huku kusini ni chupa, kila mtu anajua.

Sasa waliposhuka garini, ua mzima ulikuwa umejaa viti vya plastiki. Kaka, dada, shangazi, wote wamevaa nyeupe. Madamu alikaa katikati yao, shanga shingoni, macho chini.

"Ukoo wote umekuja kushuhudia," Cletus alinong'ona. "Profesa, hii haitakuwa maabara moja."

Maji yakaletwa, wakanywa. Mzee Dwomoh, kaka mkubwa wa Madamu, akauliza kilichowaleta. Profesa akasimama. Ni mtu wa maneno ya kuzunguka hata akiomba chumvi, na siku hiyo alizunguka kweli kweli.

"Mzee, kijana wetu huyu amekuwa akipita hapa kwenu. Humu ndani ameona kitu chema. Hakukigusa kwa pupa, akaja kutuambia sisi wakubwa wake. Tumeangalia, tumeridhika. Tumekuja kuomba mtupe mkono tuwe nyumba moja, na kitakachozaliwa hapo kiwafae wajukuu wetu sote."

Shangazi mmoja alifuta machozi. Cletus naye alimfikiria mama yake na kuku wake, machozi yakamlenga.

Mzee Dwomoh akazipokea chupa, akaziinua juu, akamgeukia dada yake.

"Afriyie, umesikia mwenyewe. Tuzipokee?"

"Zipokeeni."

"Tukishazinywa hatuna za kurudisha. Tuzipokee?"

"Nimesema zipokeeni."

"Nakuuliza mara ya mwisho, watu wote wasikie. Tuzipokee?"

"Kaka, utazivunja! Zipokeeni!"

Ua ukalipuka kwa vicheko na nyimbo, vitambaa vyeupe vikipepea. Profesa alimpiga Cletus mgongoni. "Hongera, Mkurugenzi!" Cletus akapiga makofi pamoja nao. Mwaka mzima alilisubiri neno lile, na sasa limetamkwa mbele ya mashahidi.

Mzee Dwomoh akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu, mpaka kwenye kiti kilichokuwa kitupu ubavuni mwa Madamu Afriyie.

"Kaa na mwenzako, shemeji."