Zimamoto wa Karatasi

Mkono wa kushoto wa Lettie ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha jikoni, lakini alicholeta kitengenezwe kilikuwa kadi.

Aliitoa kwenye mkoba akaiweka juu ya meza ya baba yake, kati ya sufuria ya maharage na kikombe cha kahawa. Ilikuwa kadi ya Siku ya Wapendanao, ya zile zinazocheza. Ukivuta kipande cha karatasi kilichochomoza chini, zimamoto anapanda ngazi, macho yanamgeuka, dirisha linafunguka na msichana anachungulia. Sasa kile kipande kilikuwa kimenyofolewa, na zimamoto amekwama katikati ya ngazi, shingo imepinda.

"Orrin?" aliuliza mzee Ezra, akimtaja mume wa Lettie.

"Iliangukiwa na kiti."

"Na mkono nao uliangukiwa na kiti hicho hicho?"

"Baba, mimi nimekuja na kadi. Utaitengeneza au nikaitupe?"

Ezra Pomeroy alikuwa amekata kadi katika kiwanda kimoja cha mji wa Worcester kwa miaka thelathini na minne. Siku hizi mikono ilimtetemeka, ila kazi ilikuwa bado inaikumbuka. Alichukua kisu chembamba, akaitenganisha kadi bila kutafuta pa kuanzia. Aliyeitengeneza kadi hiyo ni yeye mwenyewe, na miaka kumi na moja hakuwahi kumwambia mtu.

Enzi hizo Lettie alikuwa akifanya kazi chumba cha gundi cha kiwanda hicho hicho pamoja na wasichana wengine kumi na wawili. Kila Februari walizipanga kadi walizotumiwa kwenye rafu, kila mmoja sehemu yake, watambiane. Kadi za siku hiyo hazitiwi sahihi. Nusu ya utamu wake ni kukisia aliyezituma. Sehemu ya Lettie ilipobaki tupu kwa mwaka wa tatu mfululizo, mwenzake mmoja alimwekea hapo kipande cha sabuni, eti rafu isione upweke. Lettie alimsimulia baba yake akicheka. Ezra, mjane asiye na mwingine duniani, alicheka naye, kisha akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mwaka uliofuata alikusanya makombo ya karatasi kiwandani, akawa anakata na kubandika kila Lettie alipokwenda mazoezi ya kwaya. Alimchora zimamoto kwa sababu alikuwa na rangi nyekundu tele. Aliandika anwani kwa mkono wa kushoto, akapanda tramu hadi mji wa pili kuiposti.

Mzee wa watu hakuwaza kwamba kanisani kwao palikuwa na zimamoto mmoja tu asiyeoa. Jumapili ile Lettie, ambaye hakuwahi kumtazama mwanamume usoni, alimwendea Orrin Stoddard akamsalimia yeye kwanza. Juni wakafunga ndoa. Mlangoni mwa kanisa alimgeukia baba yake, machozi yakimlengalenga.

"Umefurahi, Baba?"

"Sijawahi kufurahi hivi," alijibu Ezra. Angesema nini kingine?

Tangu hapo Orrin alikuwa amemng'oa meno mawili, akamvunja mbavu, akazitoa mimba zake mbili kwa mateke. Sasa mkono.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema Ezra akipaka gundi. "Chumba chako kipo vile vile."

"Nirudi nikufie hapa kwa aibu? Watu wataongea."

"Waongee. Midomo ni yao. Nani aliufunga mkono huo?"

"Mwenyewe. Yeye yuko zamu mpaka saa kumi. Siku hizi analala na shoka la kazini chini ya kitanda. Anasema siku nikitoka na sanduku atajua pa kunipata."

Ezra alibandika ulimi mpya wa kuvuta, akamsukumia kadi. "Na bado unarudi? Unangoja nini huko, Lettie?"

Lettie aliinamia kadi. Aliuvuta ule ulimi mpya wa karatasi taratibu, kwa kidole kimoja. Zimamoto alipanda, macho yakageuka, dirisha likafunguka.

"Mtu aliyekaa akatengeneza kitu kama hiki, Baba," alisema, "siwezi kumvunja moyo."

Kumbe! Makombo ya karatasi ndiyo yaliyomfunga mwanawe katika nyumba ile! Kila alipopigwa alikuwa anaitoa kadi hii, akaivuta, akajiambia kwamba ndani ya mnyama yule kuna mtu mpole aliyejificha. Ezra aliogopa kumnyang'anya salamu pekee ya mapenzi aliyowahi kupata. Lakini aliliogopa shoka zaidi. Lettie alikuwa ameshavaa koti.

"Keti," alimwambia. "Orrin hakukutumia kadi hii. Hakuna mwanamume aliyekutumia. Niliitengeneza mimi, hapa hapa mezani, kwa kukuonea huruma. Nilikudanganya, na nilikuona ukiolewa na uongo wangu nikanyamaza. Nichukie, ukitaka usinisemeshe tena, lakini kwa mtu yule usirudi. Huna deni naye. Hakufanya lolote."

Alifumba macho akingoja kilio, au mlango ubamizwe.

"Najua," alisema Lettie. "Nilijua ni wewe, nilipoifungua bahasha tu."

Ezra alifumbua macho. "Ulijua? Basi Orrin ulimkubali kwa nini?"

Lettie alimkodolea macho, akiwa bado ameshika kifungo cha koti.

"Si wewe uliyenichagulia, Baba?"