Migongo Kileleni

Tangu kale milima ile ilitenganisha falme mbili. Watu wa falme hizo walipokutana kileleni, waligeuziana migongo mpaka mmoja apite.

Bibi Sikitu alipanda kutafuta mbuzi wa maziwa. Mjukuu wake mchanga aliyembeba, aliyefiwa na mama, alikuwa amelia mpaka sauti ikaanza kukauka. Mwanamke wa ng'ambo alipowaona akageuka upesi, lakini hakuondoka.

"Nipe huyo mtoto, mama. Nami nanyonyesha."

"Sisi hatunywi hata maji yenu."

"Hayo ni maji. Mwenzio anataka maziwa."

Bibi akampitisha mtoto kwa nyuma. Kilio kikakoma. Wakaketi wakiegemeana migongo, kila mmoja akitazama kwao, huku mawingu yakipanda pande zote mbili.